Mkaguzi wa Mizani, Ambaye Hakuwa Mlevi

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Aprili 1971, kitinda mimba wa fundi viatu na mkunga, nyuma ya kaka mmoja na dada mmoja. Wasifu huu umeandikwa na mkewe, na ndiye anayeusoma, kwa sababu ule wa kaka mkubwa ulikuwa na mstari unaosema "alisumbuliwa na ulevi". Mkewe aliuchana palepale mbele ya mpiga chapa.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha reli, akamaliza 1985, kisha sekondari hadi 1989. Hesabu alikuwa moto. Kuimba, tusidanganyane, hakujua.

Mwaka 1992 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka ishirini na saba alizunguka masokoni na sanduku lake la mawe ya shaba, akihakiki mizani ya watu kama inasema kweli. Wauza nyama walimwita Gramu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumhonga mfupa wa supu.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1999, wakajaliwa mabinti wawili. Wa kwanza alipozaliwa, alimbeba hadi ofisini akampima upya, akarudi anajidai: "Nesi amekosea gramu arobaini." Mkewe alimnunia siku mbili.

Machi 2019 alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akaanza kumwita mkewe "dada". Kipimo cha malaria kikaonyesha hana. Hapo ndipo kaka mkubwa alipoharibu. Alikitia mfukoni kile kikaratasi cha majibu, akakizungusha kwa ukoo mzima: "Jioneeni wenyewe. Hana ugonjwa."

Daktari alisema mengine, na mkewe alisikia kwa masikio yake. Ni virusi vinavyoenezwa na mbu, si malaria, na vimefika kwenye ubongo. Wengi wanaoambukizwa hawahisi hata homa. Wachache ubongo unavimba. "Wapo wanaopona ndani ya mwaka," alisema. "Wapo wanaobaki na mikono ya kutetemeka, usahaulifu, kifafa. Huyu tumpe muda, mama, na dawa za kifafa asiache hata siku moja."

Muda alipewa, lakini hakurudi alivyokuwa. Jiwe la gramu kumi halikushikika tena, miguu iliyumba, maneno yalimponyoka katikati ya sentensi, na kazi ikaisha. Kaka akatangaza kuwa ni pombe, nanyi mkaitikia, kwa mtu ambaye hakuonja hata bia ya harusi yake mwenyewe. Mlimpisha njia mkimcheka. Leo mmekuja na leso.

Tarehe 28 Mei 2023 kaka alimchukua akakae kwake, "anyooke kidogo". Mfuko wa dawa aliuacha juu ya meza. Mkewe akapiga simu: "Shemeji, umesahau dawa."

"Sijasahau. Hizo ndizo zinazomlewesha."

Kesho yake mkewe alizipeleka mwenyewe. Zilipokelewa getini. Jana zimerudi nyumbani pamoja na nguo zake, pakiti hazijafunguliwa. Marehemu alifariki tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, kifafa kilipomshika mfululizo kikakataa kumwachia. Mkewe ana hasira, na hataki mtu amwambie anyamaze.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada aliyekuja kumfulia kila Jumamosi bila kuombwa na, ndiyo, kaka mmoja. Kaka ameomba atupe udongo wa kwanza. Amekataliwa. Atatupa baada ya kusimama hapa, mbele ya watu wale wale aliowaonyesha kikaratasi, na kusema kwamba mdogo wake alikuwa mgonjwa. Jua bado lipo, na jeneza halitashuka kabla.

Alale kwa utulivu, mume mwema. Shemeji, simama. Tunakusikiliza.