Koleta Alipopiga Honi Relini

Kijiwe chetu kiko Nachingwea mjini, ng'ambo ya stendi, ubavuni mwa duka la pembejeo, na mimi Halfani ndiye ninayechemsha kahawa. Jumanne ile asubuhi walikaa watatu. Imrani, fundi wa bodaboda, tunamwita Injinia ingawa cheti hana. Yunusi tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Na Mzee Eustakio, mkulima wa ufuta, hana jina la utani kwa vile hakuna aliyethubutu kumpa. Binti yake Koleta alikuwa amerudi Jumapili kutoka mafunzoni. Yuko mwaka wa pili, anasomea kutengeneza njia ya reli. Alipewa ruhusa ya siku tano, na mzee alikuwa ameshakata shauri kwamba harudi tena huko.

— Nimemwambia jana, alisema Eustakio. Atafungua kibanda cha chipsi hapo stendi.

— Kisa nini, mzee? akauliza Imrani.

— Kisa kiberenge. Nusura kimgonge yeye na wenzake.

Kiberenge, kwa asiyejua, ni kile kigari cha mafundi kinachotembea juu ya reli.

— Mzee, kiberenge si treni, akasema Imrani. Kile unaweka mguu chini tu kinasimama. Mimi nasimamisha pikipiki yenye magunia mawili ya korosho, mteremko wa Mkotokuyana, tena breki mbovu.

— Umewahi kukiona hicho kiberenge?

— Kukiona kwa macho, hapana. Ila breki ni breki.

Yunusi akaweka kikombe chini.

— Kwani si wanatega sikio kwenye reli? Wewe uko Dodoma, treni iko Morogoro, unasikia mpaka abiria wanavyokoroma.

— Sikio halitoshi, Redio, akasema Imrani. Inatakiwa jino la chuma. Unaing'ata reli, jino likitetemeka, unakimbia.

— Hapo umenena. Hata hapa kwetu, enzi za reli ya karanga, ile ya mashamba ya Waingereza, babu yangu alikuwa na jino hilo. Walipoing'oa reli, naye akaenda kuling'oa. Lingemsaidia nini tena?

Eustakio hakucheka. Koleta mwenyewe alikuwa anatokea sokoni na kapu la mboga, akapinda kutusalimia.

— Shikamooni.

— Marahaba, akaitikia Yunusi. Mwanangu, tuamulie. Sikio au jino?

— Vyote hapana, mzee wangu. Ukikutwa umeinama kusikiliza reli, siku hiyohiyo unarudishwa kwenu. Hata kuikanyaga hatukanyagi, tunainua mguu tunaivuka, maana inateleza.

— Sasa mnajuaje kama kitu kinakuja?

— Mmoja wetu hashiki koleo. Anasimama mbali na wenzake, ana bendera nyekundu na honi, macho kwenye njia tu. Akipiga, mnaokota vifaa, mnatoka nje ya reli, mnasimama kando mpaka kipite.

— Kusimama tu kutwa nzima? akasema Imrani. Kazi hiyo naiweza kabisa.

— Ndiyo niliyokuwa nayo siku ile, akasema Koleta.

Akaweka kapu chini. Nikammiminia kahawa, akakishika kikombe bila kunywa.

— Ilikuwa karibu na kona, mvua inanyesha. Wenzangu sita walikuwa wanashindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba reli. Nyapara wetu alishatuambia njia imefungwa mpaka saa sita, hakuna kitakachopita. Mara nikaona ndege wote wameruka kwa pamoja kule kwenye kona. Sikuona kiberenge, sikusikia mlio. Nikapiga honi.

— Wakatoka? akauliza Yunusi.

— Walinuna. Nyapara akaanza kunikemea, nawapotezea muda. Nikapiga tena, nikawa siachi. Wakatoka kwa hasira. Alikuwa bado ananikemea kilipopita. Koleo moja lilisahaulika juu ya reli, mpini ulikatika kama muwa.

Imrani akasogea karibu.

— Halafu?

— Wakakaa kwenye majani. Mimi nikarudi mahali pangu, macho kwenye njia mpaka jioni.

— Mmesikia wenyewe, akasema Eustakio. Na ndege wasingeruka je?

— Ningekiona kikitokeza, baba. Kingekuwa karibu zaidi, lakini ningepiga.

— Au ungechelewa.

Koleta alimtazama baba yake.

— Au ningechelewa, akasema.

Yunusi hawezi kimya kirefu. Alisema dawa ni kufuga kanga kila kona ya reli. Imrani akadai kanga ni waoga, watasimamisha treni hata wakiona mwewe. Bora bata, wakaidi, na wapewe reflekta. Walikuwa wameshafika kwenye mafunzo ya bata, miezi sita na mtihani juu, aliposema mama mmoja aliyekuwa amesimama na kikombe chake pembeni. Anaitwa Mwantumu, mfanyabiashara wa ufuta. Alikuwa ameshuka kwenye gari la Ruangwa na anangoja usafiri wa Mtua.

— Samahani, baba Koleta, mimi ni mpita njia tu. Hao vijana sita nao wana baba zao?

— Bila shaka wanao, akajibu Eustakio.

— Wangeulizwa baba hao, wangesema nani asimame pale na honi wiki ijayo?

Imrani akaangalia ndani ya kikombe chake. Mimi nilijifanya nachochea mkaa. Eustakio akajifuta uso kwa kiganja, mara mbili, mara tatu.

— Koleta, akasema mwishowe. Siku zako zinaisha lini?

— Alhamisi, baba.

— Nitakusindikiza mpaka Ruangwa.

Na kweli alimsindikiza, akambebea na begi, akampandisha basi la Dar. Alirudi mchana, akakaa mahali pake bila kusalimia mtu.

— Umemwambiaje? akauliza Yunusi.

— Sikumwambia kitu. Nimemwomba namba ya nyapara.

— Ya nini tena, mzee?

— Akimkemea mwanangu kwa kupiga honi, tuongee.