Mwalimu Ildefonce na Makaburi ya Upande wa Maji

Ndugu waombolezaji, huyu tuliyemleta hapa leo, Alhamisi tarehe 12 Machi 1959, ni Mwalimu Ildefonce Libenanga, katekista wa kigango chetu cha Lihulu. Tangu asubuhi watu wananong'ona: kwa nini kaburi lake limechimbwa huku chini kwenye tope, wakati ni yeye aliyetufungulia kule juu pakavu? Jibu limo katika maisha yake.

Mwalimu alizaliwa Mchombe mwaka 1904. Siku yenyewe haijulikani, ila mama yake, Bibi Yosefina, alisema kwamba vita vya Maji Maji vilipofika bondeni alikimbia naye mgongoni, mtoto akiwa ndiyo kwanza anaota meno. Mwaka 1917 baba yake alikamatwa kuwa mpagazi wa jeshi, akabebeshwa masanduku ya risasi katika vita ambavyo Wazungu walikuwa wakigombana wao kwa wao. Hakurudi. Aliyeleta habari alisema tu kwamba alianguka njiani na msafara ukaendelea. Kaburi lake halijulikani hadi leo. Ndiyo maana Bibi Yosefina alizoea kumwambia mwanawe, "Mimi, baba, uniweke mahali utakapopajua." Mwalimu alikua na neno hilo kifuani.

Alibatizwa tarehe 8 Septemba 1919, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akamaliza mwaka 1923. Baada ya mafunzo ya ukatekista alipelekwa Lihulu mwaka 1927, na hapa ndipo alipofanya kazi yake yote. Alifundisha watoto sala na kusoma chini ya paa la nyasi. Masika mto ulipopanda alipanda mtumbwi kuwafuata wagonjwa, na kiangazi alivuna mpunga wake huko Katindiuka kama mtu mwingine yeyote. Mshahara wa katekista mnaujua. Hakuwahi kuulalamikia, na hilo lilikuwa kosa lake, kwa maana mfanyakazi anastahili ujira wake. Hata Maandiko yanasema.

Tarehe 14 Oktoba 1929 alifunga ndoa na Mama Domitila, ambaye tunaye hapa. Kabla ya ndoa, wakwe walimtaka akaamie ndege shambani kwao ili waone kama ni mtu wa kazi. Adhuhuri akapiga magoti kwenye dungu la kulindia mpunga, akafumba macho na kuanza kusali Malaika wa Bwana. Ndege wakashuka kwenye mpunga. Domitila aliyekuwa shamba la pili akaokota bonge la udongo, akamrushia, likampata begani.

"Wewe kaka wa misheni," akamwambia, "Mungu amekupa na mikono ya kufukuzia ndege."

Mwalimu alikisimulia kisa hicho miaka thelathini, na kila mara alikimalizia vilevile: "Siku ile niliungama na kuchumbia kwa pamoja." Walijaliwa watoto watano. Wawili walifariki wakiwa wadogo, na wote wawili wamelala huku chini.

Sasa tufike kwenye makaburi haya. Wageni wetu wanaona mteremko mmoja na njia iliyopangwa mawe pembeni. Sisi tunakumbuka kwamba mawe hayo yalikuwa ukuta. Juu ya ukuta walizikwa Wazungu. Chini yake tulizikwa sisi, na kila masika maji yalitufuata mpaka humo. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwepo tu, kama vile viti vya mbele kanisani vilivyokaa vitupu Jumapili hadi Jumapili huku akina mama wakikaa chini na watoto mapajani. Na aliyewaonyesha wachimbaji mahali pa kuchimba, kwa fimbo yake, kwa miaka ishirini na zaidi, alikuwa Mwalimu Ildefonce mwenyewe. Alikuta hivyo, akafanya hivyo. Hatufichi, maana yeye mwenyewe hakuficha.

Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954 Bibi Yosefina alifariki. Mvua haikuwa imekatika kwa wiki nzima. Wachimbaji walipofika kiunoni, maji yakaanza kutoka chini. Jeneza lilipoletwa, ndipo Valeriani alipofanya mambo yake. Valeriani ni mtoto wa mjomba wake Mwalimu, na kwa kuwa ni binamu walikuwa watani. Mnajua haki ya mtani msibani: huzuia maziko mpaka wafiwa wamtoe kwa kuku au chumvi. Valeriani akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, maji yakamfika masikioni. Watu wakacheka, kama inavyopasa.

"Toka, binamu," Mwalimu akamwambia. "Padre anasubiri."

"Mwambie padre nakijaribu kitanda cha shangazi. Shuka limelowa."

Mwalimu akamletea kuku. Valeriani akamtazama kuku, akatikisa kichwa.

"Huyu mpikieni mgonjwa. Mimi nataka pale." Akainua mkono wenye tope, akaonyesha juu ya ukuta.

Hapo kicheko kilikatika. Padre Gereon, paroko wetu wa wakati ule, alikuwa amesimama na kitabu chake mvuani. Mwalimu akamgeukia.

"Padre, mtani huyu kwa leo hatanii. Naomba mama yangu alale kule."

"Mwalimu, kule ni kwa Wazungu. Nilipofika nilikuta hivyo."

"Hata mimi, Padre. Lakini nawafundisha watoto kwamba siku ya mwisho tarumbeta ni moja. Tukiwalaza hawa majini na wale pakavu, wataniuliza tarumbeta ni ngapi. Niwajibu nini?"

Padre alisema hana ruhusa. Basi Valeriani akatoka shimoni bila kuku, watu wakayachota maji kwa ndoo, wakateremsha jeneza, likaelea. Ndiyo, lilielea. Mwalimu alishuka mwenyewe akaweka mawe juu ya jeneza la mama yake ili likubali kukaa. Alipopanda akaitupa fimbo yake juu ya udongo na kusema, "Kuanzia leo sitamwonyesha mtu tena mahali pa kuchimba."

Kwa neno hilo aliondolewa ukatekista. Miaka mitatu kasoro alikuwa mkulima tu. Vijana tulimwendea tukamwambia, aliache kanisa lile, kwa kuwa limekuwa la watu wa rangi moja. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kanisa ni nyumba ya baba yangu. Mgeni akikikalia kiti changu, mimi nihame?" Na kila Jumapili alikwenda, akakaa palepale pake. Wengine walimwita mwoga. Waliosema hivyo hawajui kwamba kukaa mahali usipotakiwa, bila chuki na bila kuinamisha macho, kunahitaji moyo kuliko kuondoka ukipiga kelele.

Machi 1957, katikati ya masika, alifariki Mzungu mmoja aliyekuwa akipima barabara ya kwenda Mlimba. Tarumbeta ya kuwaita wachimbaji ilipigwa, asitokee mtu. Watu walikaa barazani kwao, wakisema, "Wachimbe wenyewe. Na ukuta si wao?" Ndivyo walivyosema, na walikuwa na haki ya kuwa na hasira. Mwalimu akachukua jembe. Mama Domitila akamwuliza anakwenda wapi.

"Kuchimba."

"Baada ya yale waliyomfanyia mama?"

"Maiti hajamfanyia mtu kitu leo. Kwetu mtu haachiwi mbwa."

Njiani walimzomea. Valeriani alimfuata nyuma, naye amebeba koleo, akimtania: "Binamu, leo unataka sifa au unataka nyama ya kopo?" Lakini alichimba naye. Padre Gereon aliwakuta wameshafika kifuani, udongo mkavu kama unga. Akavua kanzu, akaingia na yeye. Wakachimba watu watatu.

Walipomaliza, Mwalimu akajifuta jasho. "Padre, pazuri hapa. Majirani zake watalala vizuri."

"Majirani gani, Mwalimu?"

"Tutakaowaleta."

Padre aliutazama ukuta. Halafu akasema, "Waleteni."

Mwezi ule ule mtoto mchanga wa Evaristo mvuvi alizikwa juu, pakavu, ubavuni mwa yule mpima barabara. Baada ya Pasaka wanaume walibomoa ukuta, na Mwalimu akarudishiwa darasa lake. Watu husema kwamba wakati wa mambo hayo ulikuwa umefika. Si kweli. Wakati haufiki wenyewe. Kuna mtu huuvuta kwa mikono yake, na mikono ya huyu ilikuwa na malengelenge.

Desemba iliyopita alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alilazwa hospitali ya misheni, Ifakara, mara mbili, na mara ya pili daktari alimwambia Mama Domitila amrudishe nyumbani. Vijana tulimwendea na habari njema: tumemchagulia mahali juu kabisa, karibu na msalaba, ili kila apitaye ajue. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wanangu, kule juu nimewapigania ninyi. Mimi nirudisheni chini."

Tukabishana naye. Tukamwambia kwamba kule chini ni alama ya dhuluma.

"Huko chini yupo mama yangu," akasema, "na wapo wanangu wawili, na wapo wote niliowaonyesha kwa fimbo. Niliwalaza mimi. Siwezi kuwaacha majini nikaenda kulala pakavu."

Hatukupenda. Tumetii. Alifariki jana, Jumatano tarehe 11 Machi, alfajiri, Mama Domitila akimshika mkono. Leo asubuhi Valeriani aliruka kaburini, akalala, akalowa mgongo. Alipoulizwa anataka nini ili atoke, hakutaja kuku wala chumvi. Alisema tu, "Nilikuwa namtangulizia joto," akapanda mwenyewe. Baada yake, wachimbaji wameyashusha mawe mawili ya ukuta ule. Jeneza hili nalo litahitaji uzito.

Mwalimu Ildefonce ameacha mjane, Mama Domitila, watoto watatu, Wendelin, Aurelia na Scolastica, wajukuu tisa, binamu na mtani wake Valeriani, na kigango kizima ambacho sasa hakina juu wala chini. Apumzike kwa amani pamoja na aliowachagua, mpaka isikike ile tarumbeta moja.