Msamaha wa Mtandaoni

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mwanamke mwenye kreti la mikate mapajani alimwonyesha simu jirani wa kiti, mzee mwenye gundi ya viatu vidoleni.

"Nimemwomba mume wangu msamaha kwenye blogu yangu, kwa kumjibu vibaya mbele ya mama yake. Watu mia tatu wamesambaza, mzee."

"Na yeye kasemaje?"

"Hajasoma. Simu yake ya kubonyeza, haiingii mtandaoni."

Mzee akakohoa, akificha kicheko kama mimi. "Kwa hiyo, mwanangu, dunia nzima imekusamehe, kasoro uliyemkosea."

"Kumpigia naona aibu."

"Baada ya hao mia tatu?"

Mwanamke akapiga. Ikaita, ikaita, kisha sauti nzito ikasema, "Haya, sema."

Basi likafika kituoni kwangu. Niliteremka shingo upande.