Bi Ratnamma Aweka Kipaza Sauti Chini

Ram Ram kwenu, ndugu wa Jumuiya yetu ya Filamu hapa Lautoka, Fiji, na salaam kwa jirani zetu Waislamu na Wafiji. Hamjambo? Magoti yanasemaje na mvua hizi? Sisi wa ukumbini tu wazima kwa rehema za Bhagwan, ila tuna jambo.

Tarehe 30 Novemba, Bi Ratnamma Gounden anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Aliajiriwa kufungua ukumbi, kufagia na kutandika mikeka. Hakuna aliyemwajiri kuzungumza. Lakini katika tamasha lake la kwanza ilikuja filamu ya Sri Lanka, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya picha, na bibi zetu wa mkeka wa mbele, walioacha shule wakaingia kwenye miwa, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Bi Ratnamma aliweka ufagio chini, akashika kipaza sauti, akayasema yale maneno kwa Kihindi chetu cha nyumbani. Bibi wakarudi kuketi. Hajanyamaza tangu siku hiyo.

Kwa sauti yake tumewajua wavuvi wa Bengali, mafundi cherehani wa Dhaka, wachunga mbuzi wa Nepal: filamu za watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, wanaouza pikipiki ili wanunue kamera. Mji mdogo kama wetu kuwakaribisha hao, na ukumbi ukajaa! Namshukuru Mungu kila nikimimina chai.

Makosa nayo yalikuwepo. Mwaka wa kimbunga, umeme ulikatika katikati ya filamu. Bi Ratnamma akaendelea kusimulia gizani kwa kubuni, akawaozesha vijana wawili wa filamu hiyo, akawapa na mapacha. Umeme ukarudi: bwana harusi huyo, maiti, amelala juu ya kuni, anasubiri kuchomwa. Bibi Phulmati, kiongozi wa mkeka wa mbele, akapiga kelele, "Zimeni tena! Ya Ratna ilikuwa nzuri zaidi!"

Lakini sifa yake kubwa ilitoka kwenye ugomvi. Bwana Prabal Saikia alitoka Assam, India, na filamu yake ya kwanza, ya mzee anayeezeka paa pamoja na mwanawe aliyekosana naye. Wanaezeka kwa muda mrefu bila neno. Bi Ratnamma hakuweza kuvumilia. "Jamani, mzee huyu hajanyamaza bure," alisema kipazani. "Anataka kusamehe, mdomo mzito."

Taa zilipowaka, Bwana Saikia alikuwa amesimama mbele yake. "Mama, ule ukimya ndio filamu yenyewe! Umeujaza maneno!"

"Mwanangu, ukimya wako walikuwa wanaulalia. Mimi nimewaamsha."

Bwana Saikia akasema anaichukua filamu yake, kesho haionyeshwi. Ndipo Bibi Phulmati alipomvuta shati. "Wewe mtoto, kaa hapa. Yule baba alisamehe au hakusamehe? Sema kweli, nisikose usingizi." Alikaa. Tukampa kifuu cha yaqona, kile kinywaji chetu kichungu cha mizizi, akapiga makofi kama alivyoelekezwa, akanywa, akakunja uso, watu wakacheka. Kufikia kifuu cha tatu alikuwa anatueleza habari za baba yake mwenyewe.

Kesho yake filamu ikaonyeshwa. Walipofika juu ya paa, Bi Ratnamma alinyamaza. Ukumbi mzima kimya, unasikia mvua tu. Mwishowe Bibi Phulmati akaita, "Ratna, umezimia?"

Kikajibu kipaza sauti, taratibu: "Nasikiliza."

Bwana Saikia alicheka huku akijifuta macho. Tangu hapo, katika kila filamu Bi Ratnamma huchagua mahali pa kunyamaza, nasi tumejifunza kukaa humo pamoja naye.

Bi Ratnamma, dada yetu, asante. Umetufanya tuwe wenyeji wa nchi ambazo babu zetu walizisahau. Mungu akupe afya, wajukuu wenye adabu, na mchana mrefu wa kulala.

Sasa lile jambo. Kamati imesema asipopatikana mtu wa kukaa kwenye kiti chake, tamasha lijalo litakuwa la maandishi matupu. Bibi Phulmati hajui kusoma, na si yeye peke yake. Anayetakiwa si msomi, ni mtu wa kusoma Kiingereza cha kawaida na kukisema kama tunavyosema jikoni. Kama unaogopa, jua kwamba Bi Ratnamma ameshachagua pa kukaa: mkeka wa mbele, ubavuni kwa Bibi Phulmati. Ukikwama, ukanyamaza, hatakucheka.

Atakuwa anasikiliza.

Tafadhali nijibu mapema, hapa kwenye meza ya chai.