Mhuri Uliosimama Wima: Miaka ya Bi. Shizue Kuramochi Kiwandani

Bi. Shizue Kuramochi, mkaguzi mkuu wa kiwanda chetu cha springi hapa Higashi-Osaka, anastaafu Jumanne tarehe 31 Machi 2026, baada ya utumishi wa miaka arobaini na saba kasoro siku mbili. Hizo siku mbili mwenyewe amesisitiza ziandikwe.

Ofisi ilinipa ukurasa mmoja wa programu hii ya sherehe ya kumuaga, ikaniomba niandike ya kuchekesha na kuliacha jambo la mwaka 2009 lilale. Nimewasikia. Ya kuchekesha yapo, na la 2009 lipo, na asiyetaka kulisoma aruke hadi ukurasa wa vyakula.

Aliingia hapa tarehe 2 Aprili 1979, ana miaka kumi na minane, kaajiriwa kuwamiminia wanaume chai. Miezi sita baadaye mkaguzi wetu akalazwa kwa kidole tumbo, lori linasubiri mlangoni, na hakuna mwingine anayejua kusoma kipimo. Bi. Kuramochi alikuwa amemtazama mkaguzi yule muda wote huo, sinia mkononi. Aliweka sinia chini, akapima boksi zima, akazikataa springi kumi na tisa. Fundi wa tanuri alimuuliza kwa ukali nani kamfundisha kazi hiyo. Alimjibu kwamba chai yake inapoa. Tangu siku ile kila mtu hapa hujimiminia mwenyewe.

Wakubwa wakihutubia kuhusu uchumi wa Japani, hutaja kampuni zenye majina yanayowaka juu ya maghorofa. Sawa. Nchi hii haina mafuta wala chuma cha maana. Vyote huja kwa meli na kuondoka tena kwa meli vikiwa mashine. Lakini katikati ya meli na meli tupo sisi wa vichochoroni, wenye grisi kwenye kucha. Yeni ikipanda, kampuni kubwa hazilii, hutupigia simu sisi tupunguze bei. Mtaa wetu ulikuwa na karakana kumi na nne alipoajiriwa. Leo zipo tatu, kwingine kote ni maegesho ya magari.

Sasa la 2009. Majira yale ya baridi oda zilikuwa zimepungua nusu, na mteja mmoja tu, kampuni ya lifti, ndiye aliyekuwa akitulisha. Mwezi Februari aliagiza springi za breki Jumanne, akazitaka Ijumaa. Zilitoka kwenye tanuri Alhamisi. Jaribio la kuzibana na kuziachia mara milioni moja huchukua siku tatu. Bwana Takebe, mkuu wa mauzo, alinakili matokeo ya Januari kwenye cheti cha ukaguzi, akampelekea Bi. Kuramochi agonge mhuri. Alikataa katakata, akamwambia apeleke mzigo Jumatatu na kuomba radhi kwa kuchelewa. Takebe alimkalia kooni hadi saa kumi na mbili jioni. Bi. Kuramochi akavua aproni, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mama yake hospitali. Takebe akafungua droo ya Bi. Kuramochi, akautoa mhuri wa mkaguzi, akagonga mwenyewe, na lori likaondoka.

Cheti chetu kina visanduku vitatu vya mihuri: cha mkurugenzi, cha mkuu wa mauzo na cha mkaguzi. Kwa adabu ya ofisi zetu, mdogo hugonga wake ukiwa umelala kidogo kuelekea wa mkubwa, jina lake lionekane linatoa heshima. Sote tulifanya hivyo bila kufikiri. Bi. Kuramochi, hata siku moja. Wake ulisimama wima miaka yote, akisema kwamba yeye huinamisha mgongo mbele ya wakubwa na inatosha, vipimo havina mkubwa. Takebe alilijua hilo fika. Lakini mkono wake ulikuwa na miaka thelathini ya adabu ndani yake, na alipogonga, uliuinamisha mhuri.

Jumatatu simu iliita, nikaipokea mimi. Alikuwa Bwana Hamaji, mpokea mizigo wa kampuni ya lifti.

“Bi. Kuramochi bado yupo kazini?”

“Yupo, bwana.”

“Basi mbona Ijumaa ameinama?”

Mkurugenzi wetu wa wakati ule, mzee Iwami, alimwita Bi. Kuramochi mbele yetu sote, watu arobaini na mmoja. Hakufoka. Alimsihi aseme alikuwa amechoka, mkono ukateleza. Mteja yule akiondoka, alisema, unga wetu sote umemwagika. Jamani, nilimwombea akubali. Wengi tulimwombea hivyo.

“Mkurugenzi,” alisema Bi. Kuramochi, “springi nitazipima, hata nikilala hapa. Lakini mkono huu si wangu, na sitasema ni wangu.”

Mchana ule alipanda treni, akaenda kwa mteja mwenyewe na kuomba mzigo urudishwe. Siku tatu baadaye majibu yakatoka: springi zote nzima, hata moja haikupasuka. Takebe akazunguka kiwanda kizima akituuliza kama hakutuambia.

“Bahati yako,” Bi. Kuramochi alimwambia. “Mama yangu hupanda lifti hizo kila wiki.”

Mteja alisimamisha oda kwa miezi kumi na minne. Bonasi ikafutwa, kazi ikawa siku tatu kwa wiki, wenzetu sita wakaondoka. Tulimnunia, na nasema tulimnunia, mimi nikiwemo. Wakati wa chakula alifungua kasha lake la wali peke yake kwenye meza ya watu wanane.

Yeye wala hakutetereka. Siku ambazo hakukuwa na kazi alibeba begi la springi za mfano akabisha hodi mlango kwa mlango. Alituletea oda za mashine za kupandikiza mpunga, za viti vya madaktari wa meno, za vigari vya watoto. Kampuni ya lifti iliporudi, ilikuwa theluthi tu ya kazi yetu. Na mwaka 2017 ilipohamishia manunuzi yake ng'ambo kwa bei nafuu, majirani zetu waliomtegemea mteja huyo huyo walifunga milango. Sisi tulipiga kazi. Anayesema Bi. Kuramochi alikihatarisha kiwanda hiki aje aniambie mimi usoni.

Limebaki moja, ambalo ofisi hailijui. Droo yake ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Ufunguo wa akiba nilikuwa nao mimi peke yangu. Takebe aliuomba Ijumaa ile, nikampa, wala sikuuliza wa nini, kwa sababu nilijua wa nini na niliogopa kukosa kazi.

Bi. Kuramochi naye alijua ni nani aliyekuwa na ufunguo ule. Alikuwa anaulizwa mbele ya watu wote, angeweza kunitaja akapumua. Hakunitaja siku ile, wala katika miaka kumi na saba iliyofuata. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuhama meza yake.

Bi. Kuramochi, kiwanda kinakushukuru. Lala hadi jua lichomoze, umtunze mama, na miaka iliyo mbele iwe yako mwenyewe. Niliyempa Takebe ufunguo ni mimi, Natsuyo Obata, karani wa ofisi, na ninakuomba radhi mbele ya wote.