Mwalimu Asiye na Idara

Benchi letu liko Bunda, ng'ambo ya stendi, limeegemea ukuta wa ghala la pamba ambalo ushirika ulilifunga ukaondoka na ufunguo. Mvua za El Nino zilikuwa zimepita miaka kadhaa nyuma, lakini mashimo zilizoyachimba barabarani tulikuwa nayo bado. Mabasi yalichelewa, na watu wa kukaa hawakukosekana. Petronila anauza kahawa na karanga. Mimi nashonaga viatu huku mwishoni, mikono kwenye sindano, masikio kwenye maneno. Wenye benchi ni watatu. Mkaguzi, jina lake Clementi, alikagua hesabu za ushirika mpaka akapunguzwa kazi, maneno hayakupunguzwa. Redio ni Werema: kila anachokisema, kakisikia London. Na Sangara ni Burito wa Majita, mchuuzi wa samaki, mwili mkubwa na mdomo wa kulingana nao. Asubuhi ile Sangara alifika amenuna, hata kahawa akaisukuma pembeni.

PETRONILA: Burito, unaumwa au umefiwa?

SANGARA: Afadhali kufiwa, ningelia nikamaliza. Ni huyu Selestina, mtoto wa dada yangu. Wamemnyima tena.

MKAGUZI: Selestina yule dokta? Wamemnyima nini?

SANGARA: Kazi ya kudumu. Tangu arudi kutoka Ulaya anafundisha chuo kikuu kwa mkataba wa mwaka mwaka, kama kibarua wa kupakia pamba. Safari hii walimwahidi. Juzi wamemwambia hapana.

REDIO: Kwani anafundishaga somo gani?

SANGARA: Somo lenyewe... ni la samaki. Lakini samaki yenyewe iko ndani ya kompyuta.

REDIO: Hai au kavu?

SANGARA: Werema, leo usinitanie. Nitakutupa barabarani.

Hakuwa anatania. Petronila akarudisha kikombe mbele yake, akakijaza mpaka juu.

MKAGUZI: Mimi naielewa hiyo. Wakubwa wa mikopo huko nje wamesema serikali ipunguze watu. Sasa mtu wa kwanza kupunguzwa ni yule ambaye hawajui akae meza gani. Sisi ushirika walianza hivyo hivyo. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ndiyo maana wasomi wote wana mgongo.

PETRONILA: Hiyo methali haisemi hivyo, Clementi.

MKAGUZI: Inasema hivyo kwa mtu aliyepunguzwa.

REDIO: Mnachezea pembeni. Hii ni siri ya mataifa. Nimesikia London, kuna watu wanasoma mbegu ya kila kitu, mtu, ng'ombe, samaki. Huyo dada anajua mbegu ya sangara. Akipewa kazi ya kudumu, ataijua na ya kwao.

SANGARA: Ya nani?

REDIO: Ya wazungu. Kwani nani aliyemleta sangara ziwani? Si wao? Wakamleta amle furu, samaki wetu wadogo, furu aishe. Halafu wakatengeneza kompyuta ya kumtafuta furu aliyeisha, wapate kazi watoto wao. Selestina akaingia katikati akawaharibia ulaji. Mmeelewa sasa?

MKAGUZI: Yaani walipanga yote hayo kabla kompyuta yenyewe haijazaliwa?

REDIO: Ndiyo ujue ni watu wabaya.

SANGARA: Mimi nasema ni wenzake wa kazini. Mwanamke, halafu wa Majita, halafu anajua vitu viwili wakati wao wanajua kimoja kimoja. Wamemroga. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu wamemkunja akiwa mkavu, atavunjika!

Basi la kutoka Mwanza likaingia likiyumba, tairi la nyuma limelala kabisa. Kondakta akatangaza abiria washuke, tairi litatengenezwa. Kati ya walioshuka alikuwa mama mmoja wa makamo, kitenge na sweta, mkoba begani. Sangara akasimama. Alikuwa ndiye. Alijua atapita na basi hilo, ndiyo maana aliwahi.

SELESTINA: Shikamoo, mjomba. Shikamooni, wazee.

SISI: Marahaba.

SANGARA: Kaa hapa, mwanangu. Petronila, mpe kahawa. Werema, sogea, wewe na London yako.

Alikaa. Alikuwa na sura ya mtu aliyeacha kulia jana. Redio, ambaye haya hana, akamwuliza papo hapo.

REDIO: Dokta, tusaidie. Hiyo kazi yako ni nini hasa? Tumegombana hapa tangu asubuhi.

SELESTINA: Mjomba, unawakumbuka furu wa zamani?

SANGARA: Nisiwakumbuke! Ulikuwa ukivuta wavu unakuta wa kila rangi. Mwekundu, wa buluu, mwenye mdomo mnene. Tulikuwa tunakulaga mpaka tunachoka.

SELESTINA: Sasa kila mmoja wa hao ana maandishi mwilini. Herufi zake ni nne tu, lakini zinarudiwa mamilioni kwa mamilioni. Kwa macho huwezi kuyasoma. Kompyuta inaweza, ila haijui samaki ni nini. Na mtu wa samaki hajui kompyuta. Mimi nawafundisha watu wajue vyote viwili, wayasome.

MKAGUZI: Na faida?

SELESTINA: Mihogo ya Majita ilipokunja majani, mkala nini?

SANGARA: Tulikula aibu.

SELESTINA: Wanafunzi wangu walichukua maandishi ya kirusi cha mihogo hiyo wakayalinganisha na ya nchi jirani. Wakajua kinatoka wapi na mbegu ipi itakihimili. Vijana wa mwaka wa tatu hao.

Sangara alitutazama mmoja mmoja, kama vile kirusi alikikamata yeye.

PETRONILA: Ulianzaje mama? Maana sisi tuliokusanya kuni wakati wenu wa shule tunajua mlikuwa mnasoma na njaa.

SELESTINA: Nilisoma wanyama chuo kikuu miaka ile ya foleni. Sabuni hakuna, dawa za maabara hakuna. Mwalimu anachora ubaoni rangi ambayo jaribio lingetoa, na sisi tunaandika kwamba tumeiona. Nikaajiriwa utafiti wa ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu furu. Kila mwaka tunashusha wavu na kila mwaka aina zinapungua. Halafu wakapunguza na wahesabuji.

MKAGUZI: Hapo ndipo nilipopunguzwa na mimi!

SELESTINA: Nikapata nafasi ya kusoma nje. Huko nikakuta kompyuta zinasoma yale maandishi. Nililia, nakwambia. Niliwaza, kumbe wale furu waliokufa wamebaki kwenye chupa zetu za spiriti, na bado wanaweza kusomwa. Profesa wangu akaniambia baki hapa. Nikakataa. Nikamwambia kule kwetu hakuna wa kufundisha.

REDIO: Ulikataa Ulaya?

SELESTINA: Nilikataa.

REDIO: Mama yangu!

Akaendelea kwa sauti ileile ya chini. Alipofika chuoni, watu wa baiolojia wakamwambia wewe ni mtu wa kompyuta, nenda kwa wenzako. Watu wa kompyuta wakamwambia wewe ni mtu wa samaki, rudi ulikotoka. Akapewa stoo ya darubini mbovu, akaipiga deki mwenyewe, akaweka kompyuta tatu za msaada. Vijana wakaanza kuja. Mmoja wa darasa lake la kwanza aliitwa Bernado. Huyo alimfundisha mpaka kushika ile panya ya kompyuta, maana alikuwa anaiogopa.

SANGARA: Waambie Bernado sasa ni nani.

SELESTINA: Mjomba.

SANGARA: Waambie!

SELESTINA: Alikwenda nje, akapata udaktari wake, akarudi. Ndiye mkuu wa idara. Juzi nilikaa nje ya ofisi yake kwenye kiti cha wageni. Alitoka mwenyewe kunipokea. Akaniita mwalimu. Akasema kamati imehesabu makala nilizoandika, na kwenye makala zote jina langu liko katikati, halipo mbele. Nikamwambia, Bernado, waliotangulia mbele ni wanafunzi wangu. Mmoja ni wewe. Akasema, najua, mwalimu.

PETRONILA: Halafu?

SELESTINA: Akasema kufundisha watu hakuhesabiki kama utafiti. Na kwamba hata angetaka, hakuna cheo chenye jina la kazi yangu. Alikuwa anaangalia dirishani wakati anasema.

Hapo benchi lilichafuka. Mkaguzi alipiga goti lake kwa ngumi mpaka karanga zikamwagika. Redio alisimama, akakaa, akasimama tena.

MKAGUZI: Ni wizi huo! Yaani mtu analima, wengine wanavuna, halafu wavunaji wanasema mkulima hana gunia!

REDIO: Mimi naondoa neno langu la wazungu. Hii ni dhuluma ya kwetu wenyewe.

SANGARA: Kijana aliyekuwa anaogopa panya! Panya ya plastiki!

PETRONILA: Na ukimwi je, na malaria? Na hayo si yana maandishi? Nani atayasoma, hiyo kamati?

SELESTINA: Yana maandishi, mama. Tulikuwa tumeanza na malaria.

MKAGUZI: Mchumia juani hulia kivulini. Wewe uliyechumia kwenye baridi ya Ulaya, utalia wapi?

PETRONILA: Hulia ni kula, Clementi, siyo kulia machozi!

MKAGUZI: Kwa hapa tulipo ni machozi.

Kwa mara ya kwanza Selestina alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikakatika.

SELESTINA: Basi msiudhike sana. Sikuwaambia la mwisho. Jumatatu naanza kiwandani Musoma. Kile cha minofu. Wanataka mtu wa kupima samaki kama wana vijidudu kabla ya kupakiwa. Nimeshakubali.

SANGARA: Kiwandani? Mbona mimi hukuniambia?

SELESTINA: Nakuambia sasa, mjomba.

Sangara alifikiri. Uso ulianza kufunguka.

SANGARA: Si utakuwa karibu na mama yako?

SELESTINA: Nitakuwa karibu.

SANGARA: Na gari watakupa?

SELESTINA: Kuna gari.

SANGARA: Haya! Mungu si Athumani! Wacha wabaki na stoo yao!

Redio alipiga makofi. Lakini Petronila aliweka birika chini kwa kishindo.

PETRONILA: Mnashangilia nini? Minofu inakwenda Ulaya, sisi tunanunua mapanki, mifupa na vichwa. Leo mnafurahi kwamba na huyu anaingia kwenye minofu. Waliomnyima wameshinda, na nyie mnapiga makofi.

MKAGUZI: Hapo Petronila kasema. Dokta, usiondoke. Baki upigane nao. Andika barua, nenda kwa waziri, lala mlangoni kwao!

SELESTINA: Mzee Clementi, walipokupunguza wewe, ulipigana?

Mkaguzi akaanza kuokota karanga zake chini, moja moja.

SELESTINA: Siyo kwa ubaya, mzee. Nimechoka tu. Kila mwaka ikifika Juni sijui kama Julai nina kazi. Nimefundisha nikiwa na malaria. Nimefundisha umeme ukiwa umekatika, tunaandika zile herufi nne kwa chaki sakafuni, wanafunzi wanaruka kutoka herufi hadi herufi wakijifanya wao ndio kompyuta. Walikuwa wanaelewa, mjue. Ilikuwa ni... Basi. Kiwandani kuna cheo na cheo kina jina.

Hakuna aliyetafuta methali. Kule ng'ambo tairi lilikuwa limeshapanda mahali pake, utingo anakaza nati.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka upande wa mabasi ya Nyamuswa, kanga mbili, viatu vya plastiki vimejaa tope jekundu. Alisimama mbele yetu akatusalimia wote kwa heshima.

MGENI: Naitwa Jenoveva, natoka Nyamuswa. Nimeelekezwa hapa, namtafuta Bwana Burito.

SANGARA: Ndiye mimi, mama. Karibu.

JENOVEVA: Asante. Nimeambiwa wewe ni mjomba wa yule mwalimu wa chuo kikuu, yule wa Majita. Alikuja shuleni kwa binti yangu Gati mwaka juzi kuwasemesha. Tangu siku hiyo mtoto hanisikii. Anachora herufi ukutani, anasema kila kitu kimeandikwa. Mimi nikadhani amechanganyikiwa.

Selestina alikuwa ameinua kikombe. Hakunywa, wala hakukishusha.

JENOVEVA: Sasa amechaguliwa chuo kikuu. Angeweza kuchagua ualimu wa kawaida, baba yake alitaka hivyo. Amekataa, anayataka hayo maandishi ya mwalimu. Tumegombana nyumba nzima, baba yake amelala kwa kaka yake kwa hasira. Mwishowe nikasimama na mtoto. Tumeuza ng'ombe. Anaondoka mwezi ujao.

SANGARA: Hongera, mama.

JENOVEVA: Asante, baba. Mimi sikusoma, siwezi kujua mambo ya huko. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, nirudi nimtulize baba yake. Huyo mwalimu, mtoto akifika, atamkuta?

Kondakta akaanza kugonga bati la basi: Musoma! Musoma! Abiria wakawa wanapanda. Nilimtazama Sangara, mdomo wake mkubwa ulikuwa wazi. Redio alikuwa anazungusha kitufe cha redio yake ndogo iliyozimwa. Mkaguzi aliinama kana kwamba bado kuna karanga. Petronila peke yake alimtazama Selestina usoni, na Selestina alikuwa anaitazama miguu ya yule mama, na lile tope.

Kondakta akaita tena. Selestina hakusimama.

Yule mama akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Akadhani kelele za stendi zimemzidi, kwamba hatukumsikia. Akasogea hatua moja, akapandisha sauti, taratibu, kama mtu anavyoongea na wazee waliopungukiwa masikio:

— Nauliza hivi, jamani: mwalimu yupo?