Padre Gonçalo na Uchina ya Manjano

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, mapadre, wanafunzi na majirani, nasimama kwa niaba ya familia nikiwa bado siamini, maana Jumapili hii iliyopita Padre Gonçalo Frazão, mdogo wake baba yangu, alikula dagaa wa kuchoma nyumbani kwetu, akamtania mama kwa chumvi iliyozidi, na leo tunamzika.

Marehemu alizaliwa Borba tarehe 9 Machi 1588, mtoto wa mwisho wa mchonga marumaru Amaro Frazão na mkewe Brites, akasoma Évora kuanzia mwaka 1602, akaweka nadhiri, akaomba mara tatu kupelekwa misheni ya Uchina na mara zote akanyimwa kwa ajili ya mguu wake mbovu, hadi mwaka 1619 alipokabidhiwa maktaba ya chuo hiki cha Mtakatifu Brás, hapa Estremoz.

Kwa kuwa alikuwa padre hakuoa, na watoto wake ni wanafunzi hawa, aliowafundisha dunia kwa ramani alizozipaka rangi mwenyewe, akirekebisha pwani na mito kila barua za wamisionari zilipofika, huku akiichongoa ncha ya brashi kwa midomo. Ukimwita chakulani alijibu, "Nimeshiba, mwanangu, tangu asubuhi nakula Uchina," nasi tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka.

Jumatatu tarehe 14 Oktoba 1641 alianza kutapika, tumbo likamkata usiku na mchana, na Jumatano alfajiri akafariki. Jana jioni Daktari Tristão aliiona ile rangi ya manjano aliyokuwa akiipakia Uchina, akapigwa na butwaa, kwa maana ni unga wa jiwe lile lile la sumu tunalowawekea panya ghalani, na baba mdogo ameulamba miaka yote hiyo mbele ya macho yetu.

Tunamshukuru daktari, tunamshukuru jirani yetu Mama Leonor aliyefua mashuka, na mapadre waliokesha naye. Tunawashukuru wanafunzi walioamka mapema leo kumalizia ramani aliyoiacha, wakaipaka kwa upendo, kama alivyowafundisha, na sasa nimeinua macho nawatazama hapa mbele, na midomo yenu, wanangu, midomo yenu ni ya manjano.

Daktari, njoo huku, njoo upesi. Baba mdogo, lala salama, utuwie radhi, kaburi lako lisubiri kidogo.